Mwanafunzi Huyu ni wa Nani?



Ukifika katika shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, simama uwanjani wakati wa mapumziko. Atapita mtoto mwenye magongo, au mtoto asiyeona aliyeshikwa mkono na mwenzake. Muulize mwalimu yeyote aliye karibu nawe: yule mtoto yuko darasa la ngapi? Mara nyingi hutajibiwa la tatu wala la tano. Utajibiwa, "Yule ni wa kitengo." Ukiendelea kuuliza anafanyaje katika hisabati, utaambiwa, "Hilo labda umuulize mwalimu wa kitengo, ila leo ameitwa halmashauri."

Mwalimu anayekujibu hivyo si mtu mbaya. Huenda asubuhi hiyohiyo amemkatia yule mtoto nusu ya andazi lake. Ni mazoea tu. Ndani ya uzio mmoja zipo shule mbili, kengele ni moja, bendera ni moja, lakini wapo watoto wa shule na wapo watoto wa kitengo. Mtoto mwenye ulemavu amepokelewa, jina lake limo katika rejista, sare anayo. Ila katika shule nzima mtu anayemhesabu kuwa mwanafunzi wake ni mmoja tu. Mtu huyo akihamishwa, akiugua, au akienda likizo ya uzazi, masomo ya mtoto husimama mpaka atakaporudi au atakapokuja mwingine. Ndiyo maana jioni hii naomba tulizungumze jambo hili kwa kirefu. Tunapozungumzia elimu jumuishi tunapenda kuhesabu vifaa na majengo, na vyote hivyo vinahitajika kweli. Lakini swali linalotangulia ni hili: mwanafunzi huyu ni wa nani?

Historia nitaipitia haraka. Elimu ya watoto wenye ulemavu Tanzania ilianzishwa na mashirika ya dini. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Shule hizo ziliwatoa watoto gizani wakati ambapo hakuna mwingine aliyewataka, na hatuna haki ya kuzidharau. Ila zilikuwa chache, za bweni, mbali na nyumbani. Baadaye zikaja shule za kuchanganya, kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, ambako watoto wasioona na wanaoona wamesoma pamoja kwa miongo mingi. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Tangu hapo tumekuwa na mkakati wa taifa wa elimu jumuishi, ukiisha unaandikwa mwingine. Januari 2016 ukaanza mpango wa elimu bila malipo katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne, na wazazi wengi waliokuwa wakisita wakawaleta watoto wao.

Basi watoto wamekuja. Tuingie nao darasani.

Chukua somo la hisabati la darasa la saba. Mwalimu amesimama ubaoni, chaki mkononi, ameandika mlinganyo. Anasema, "Sasa hiki tukikitoa hapa, na huku nako tukafanya hivyohivyo, tunabaki na hiki. Hiki ukikigawanya kwa hiki unapata ngapi?" Darasa linaitikia, "Saba!" Mwalimu anafurahi, anafuta ubao. Katika dawati la mbele ameketi mtoto asiyeona. Amesikia kila neno, na hakuna alichopata, kwa sababu somo lote lilikuwa katika ncha ya kidole. Kinachobaki kichwani mwake ni saba, na hajui imetoka wapi.

Mwalimu huyohuyo angeweza kusema: "Tatu eksi jumlisha tano ni sawasawa na ishirini na sita. Natoa tano pande zote mbili. Inabaki tatu eksi ni sawasawa na ishirini na moja. Nagawanya kwa tatu pande zote mbili. Eksi ni saba." Hapo hakuna kifaa kilichonunuliwa wala semina iliyoitishwa. Mwalimu amesoma kwa sauti kile anachokiandika, basi. Na kwa kufanya hivyo amewafikia pia wale walioketi nyuma kabisa, ambao katika darasa la watoto mia moja na zaidi hawauoni ubao hata kama macho yao ni mazima. Michoro nayo ina njia zake. Uzi uliobandikwa kwa gundi juu ya kipande cha boksi ni pembetatu kamili, na mtoto anaipapasa kwa vidole akaijua pembe mraba ilipo. Kwa hiyo inaniuma sana ninaposikia mtoto asiyeona akiambiwa kwamba hisabati si somo lake, apumzike kipindi hicho au aende kukaa kitengoni. Mtoto hakushindwa hisabati, hajawahi kufundishwa.

Sasa sikiliza kinachotokea anapoandika. Anaandika kwa nukta nundu, ama kwa sleti na stailasi, nukta moja moja, ama kwa mashine ya Perkins yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Mashine hiyo ni nzito, karatasi yake ni nene, na bei yake huhesabiwa kwa mamia ya dola. Ruzuku ya shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo tusimlaumu mwalimu mkuu kwamba hainunui. Hiyo ni kazi ya Wizara na halmashauri, na mara kwa mara mashine hizo huletwa. Tatizo ninalotaka mlione ni jingine. Mtoto amemaliza zoezi la sayansi, daftari limekusanywa. Mwalimu wa sayansi hajui nukta nundu. Anapeleka karatasi kitengoni. Mwalimu wa kitengo anaandika kwa kalamu, juu ya zile nukta, kila neno mtoto alilolitoboa, kisha anarudisha kwa mwalimu wa sayansi, ndipo isahihishwe. Ikiwa mwalimu wa kitengo ana watoto ishirini na kila mmoja ana masomo sita, piga hesabu mwenyewe. Zoezi la Jumatatu linarudi baada ya wiki mbili au tatu, mada imeshapita, kosa limeshaota mizizi.

Nami nauliza: kwa nini mwalimu wa sayansi asijifunze kusoma nukta nundu? Watu hushtuka nikisema hivi, kana kwamba nimemtaka ajifunze Kichina. Herufi kumi za kwanza, kuanzia a hadi j, zinatumia nukta nne za juu peke yake. Herufi kumi zinazofuata, k hadi t, ni zilezile za kwanza zikiongezwa nukta moja chini kushoto. Zinazobaki huongezwa nukta mbili, isipokuwa w, ambayo ina umbo lake kwa sababu Louis Braille alikuwa Mfaransa na lugha yake haikuihitaji sana. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo akishazijua herufi ameshajua kusoma. Tena yeye hatumii vidole. Anatazama kwa macho. Mtu mzima anayejua kusoma anaweza kuzikariri kwa jioni chache na kuzizoea kwa mwezi au miwili. Katika shule yenye watoto wanane wasioona, walimu wawili watatu wa masomo wakijua hilo tu, foleni ya pale kitengoni inakatika, na mwalimu wa elimu maalumu anapata muda wa kufanya kile alichosomea.

Hapo nawasikia walimu wenzangu. Nawasikia vizuri. Mwalimu mwenye watoto 120, vipindi thelathini kwa wiki, zamu ya usimamizi, taarifa za kujaza, anaambiwa aongeze na hili. Malalamiko yake ni ya haki na simwombi awe mtaalamu. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru mkoani Arusha, kimekuwa kikiandaa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi, na kazi yao haiwezi kufanywa na mtu aliyehudhuria warsha ya siku mbili. Si jambo geni mhitimu wa Patandi kufika kituoni akakuta upungufu wa walimu, akapewa darasa la pili na somo la uraia, na ujuzi wake ukakaa bila kutumika. Hilo nalo ni kosa, na ni la wapanga walimu. Ninachomwomba mwalimu wa kawaida ni kidogo: amtambue mtoto huyu kuwa ni mmoja wa wale 120. Akishamtambua hivyo, mengi atayabuni mwenyewe, maana walimu wa nchi hii ni hodari wa kubuni.

Baraza la Mitihani limeshaonyesha kwamba mfumo ukitaka unaweza. Katika mitihani ya taifa, mtahiniwa asiyeona anapata karatasi ya nukta nundu. Mwenye uoni hafifu anapata karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Muda nao huongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Huo ni utaratibu ulioandikwa na unaofuatwa. Lakini je, jaribio la Ijumaa? Je, mtihani wa mwezi, na ule wa nusu muhula? Maswali huandikwa ubaoni kwa chaki, saa inaanza kuhesabu kwa wote sawasawa, na mtoto mwenye uoni hafifu anamaliza muda wake akinakili maswali. Kwa miaka saba anapimwa kwa njia isiyomfaa, kisha siku moja, mtihani wa mwisho, anapewa haki yake yote. Mwalimu wa taaluma akiamua leo kwamba dakika zile za Baraza zitumike katika kila jaribio la shule, hahitaji kibali cha mtu.

Nimetaja uoni hafifu, na hapo niseme juu ya watoto wenye ualbino, kwa sababu ulemavu wao wengi huuona kwenye ngozi peke yake. Karibu wote wana uoni hafifu, na miwani huwasaidia kwa kiasi tu. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kukaa mbele, mbali na dirisha linaloingiza mwanga mkali, na aruhusiwe kuinuka akasogea mpaka karibu kabisa na ubao bila kuambiwa anawaziba wenzake. Ngozi nayo inataka ulinzi kila siku, maana jua la utotoni ndilo linaloleta saratani ya ngozi ukubwani. Hospitali ya KCMC, Moshi, inatengeneza mafuta ya kukinga jua, yaitwayo Kilisun, kwa ajili yao. Lakini mafuta hayatoshi ikiwa shule inakataza kofia kwa sababu si sehemu ya sare, ikiwa gwaride la asubuhi linakwenda hadi jua limewaka, na ikiwa adhabu ya kuchelewa ni kufyeka nyasi saa sita mchana. Kofia pana na shati la mikono mirefu ni dawa kwa mtoto huyu. Nani wa kubadilisha kanuni ya sare? Si mwalimu wa kitengo. Ni kamati ya shule na mwalimu mkuu, kwa kikao kimoja.

Na majengo. Shule nyingi sasa zina kitu kinachoitwa njia ya mteremko mbele ya mlango, na nyingi kati ya hizo haziwezi kupandwa. Fundi amemwaga zege kuifunika ngazi, basi. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka mteremko wa mita tatu na sentimita 60. Ukiona mteremko wa mita moja mbele ya kizingiti hicho, ujue ni wa picha ya makabidhiano. Mtoto mwenye kiti mwendo atasukumwa na wenzake watatu, na akishuka peke yake ataanguka kifudifudi. Kisha fuata njia kutoka darasani hadi chooni. Ni mchanga? Ni mawe? Mlango wa choo una upana wa kupitisha kiti? Ndani kuna kitu cha kushikilia? Hili la choo nalisisitiza bila aibu, kwa sababu wapo watoto ambao hawanywi maji tangu asubuhi hadi wanaporudi nyumbani, kwa hofu ya kubanwa na haja mahali ambapo watalazimika kutambaa sakafuni. Wasichana waliovunja ungo ndio wanaoumia zaidi, na wengi huishia kukaa nyumbani siku za hedhi. Mtoto mwenye kiu na mkojo uliobanwa hawezi kusikiliza habari za mabara na bahari.

Msikilizaji, sasa nije kwa watoto viziwi, na hapa natofautiana kidogo na baadhi ya wanaharakati wenzangu.

Mtoto kiziwi akiketi kimya darasani anaonekana hana tatizo. Hapigi kelele, ananakili vizuri, mwandiko wake mara nyingi ni mzuri kuliko wa wenzake. Mwalimu anauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima, "Ndiyooo!" Mtoto kiziwi naye anafungua mdomo pamoja nao, anatabasamu, anatikisa kichwa. Amejifunza kwamba mwalimu akinyamaza na kuwatazama, watu hufungua midomo. Wapo wanaosema atasoma midomo. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, papa, mama. Utaona midomo ikifanya kitu kilekile mara tatu. Shimesikio husaidia wale wenye usikivu uliobaki, lakini betri yake huisha baada ya wiki moja au mbili, na kile kipande kinachoingia sikioni hubana au hulegea kadiri mtoto anavyokua. Mzazi wa kijijini atakipata wapi kingine?

Mtoto kiziwi anahitaji lugha, na lugha hiyo ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Lugha mtu hajifunzi akiwa peke yake. Kumweka kiziwi mmoja katika shule ya karibu na nyumbani, akiwa peke yake kati ya watoto 900 wanaosikia, na walimu wasiojua hata alama ya "njoo" na "andika", kisha tukaiita shule hiyo jumuishi, ni kumfungia mtoto katika upweke mbele ya watu. Mkataba wenyewe wa Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 24, unataka viziwi wafundishwe kwa lugha inayowafaa na katika mazingira yanayokuza uwezo wao. Kwa hiyo mimi naona ni afadhali kila halmashauri iwe na shule chache za serikali ambamo watoto viziwi ni wengi vya kutosha kuzungumza wao kwa wao, wapo walimu wenye ufasaha wa alama, na watoto wanaosikia wanafundishwa alama tangu darasa la kwanza kama wanavyofundishwa nyimbo. Watoto hujifunza haraka mno. Wiki chache tu, utawakuta wanapiga umbea kwa mikono. Chama cha Viziwi, CHAVITA, kina wanachama wanaoweza kufundisha, na shule iwalipe kama inavyomlipa fundi yeyote. Kanuni ya kumsomesha kila mtoto katika shule ya jirani ni nzuri kwa mtoto mwenye magongo. Kwa kiziwi ijadiliwe upya, na viziwi wenyewe wawe mezani.

Mpaka sasa nimewazungumzia wanaoonekana. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Ni kweli kwamba wazee wanaipandisha asilimia hiyo, na watoto wako chini yake. Hata hivyo, unapoingia katika shule ya watoto 800 ukaambiwa, "Sisi tunao wawili tu," jua kwamba wengine wamo humo na hakuna aliyewatambua. Yumo anayetoka usaha masikioni tangu akiwa na miaka miwili, nyumbani wanasema atapona akikua, na darasani anaitwa mkaidi kwa sababu haitiki akiitwa. Yumo ambaye herufi zinamchanganya, anasimulia hadithi vizuri kuliko wote lakini hawezi kusoma mstari mmoja, huyo anachapwa. Yumo mwenye kifafa, ambaye wenzake hukimbia akianguka. Yumo mwenye usonji anayeziba masikio kengele inapopigwa, na yumo mwenye ulemavu wa akili aliyewekwa dawati la nyuma, anavushwa darasa hadi darasa pamoja na rika lake bila mtu kujua kwamba tayari anaweza kujumlisha hadi ishirini na angeweza kufika mia.

Kuwatambua hakuanzii kwa mashine. Chati ya herufi E ikibandikwa ukutani, mtoto akasimama mita sita, mwalimu anaweza kujua ndani ya dakika mbili nani apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Masikio yenye usaha yanaonekana na kunuka, na zahanati inaweza kuyatibu kabla usikivu haujaharibika. Kenya walianza kufungua vituo vya kupima na kuelekeza watoto kielimu tangu mwaka 1984, hadi wilayani, ili mzazi awe na mahali pa kubisha hodi. Na mwalimu wa darasa la kwanza anayewatazama watoto wake kwa mwezi mmoja, akiandika katika daftari dogo nani anakunja uso akitazama ubao, nani hushtuka akiguswa kwa sababu hakusikia hatua, nani huchoka haraka, ameshafanya nusu ya kazi ya mtaalamu.

Kuna jambo jingine linalonigusa, nalo ni watoto wenyewe. Watoto wa shule zetu ni wema kupita tunavyowasifu. Wanasukuma viti, wanashika mikono, wanasoma ubao kwa kunong'ona. Lakini mara nyingi mzigo wote humwangukia mmoja, na mara nyingi zaidi ni msichana. Yeye ndiye anayemsindikiza mwenzake chooni, anayembebea mfuko, anayekosa mpira na rede wakati wa mapumziko mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mwalimu wa darasa apange zamu, kama tunavyopanga zamu za kufagia. Na yule anayesaidiwa naye awekwe kwenye zamu: akagawe madaftari, akasimamie klabu, amsaidie kusoma yule wa darasa la pili. Anayepokea tu, siku zote, mwisho huanza kuona haya kuomba hata kalamu.

Wazazi nao wana neno lao, na huwa ni hili: atasoma ili awe nani? Swali hili lina uchungu ndani yake, si ukatili. Marehemu Elly Macha hakuwa anaona. Alisoma hadi shahada ya uzamivu Uingereza na akaingia Bungeni. Salum Barwany, mwenye ualbino, alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge wao mwaka 2010. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, ni mwanasheria aliyekuwa naibu waziri na kisha balozi nchini Ujerumani. Lakini nisingependa mtoto adaiwe ubunge ndipo tukubali kwamba alistahili dawati. Wenzake wanasoma wakawe makondakta, wauguzi, mafundi cherehani, wakulima wanaojua kusoma kibandiko cha dawa ya mimea. Yeye naye asome akawe hivyo.

Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba kwa ajili ya Januari, kwa hiyo nimalizie na wewe mzazi ambaye una mtoto mwenye ulemavu nyumbani. Usifiche hali yake siku ya kuandikisha kwa kuogopa atakataliwa. Itaje, iandikwe katika rejista, kwa sababu mgao wa vifaa na walimu hufuata idadi zilizoandikwa. Omba kuonana na mwalimu atakayekuwa na darasa lake, mbali na yule wa kitengo, umweleze kwa kinywa chako mtoto anasikiaje, anaonaje, anaombaje kwenda haja, anapenda nini. Omba uonyeshwe choo. Uliza jaribio la kwanza atalifanyaje. Ukiambiwa shule haina uwezo naye, usigeuze njia. Halmashauri yako ina afisa wa elimu maalumu. Nenda ofisini kwake, mwambie shule iliyokukatalia na tarehe, na umwombe jibu la maandishi. Kama mna cheti cha hospitali, beba nakala. Kama hamna, nenda hivyohivyo, maana mtoto haandikishwi kwa cheti cha ulemavu, anaandikishwa kwa kuwa amefikisha umri wa kwenda shule.